Rota Iko kwa Mwenyewe

Siku ya tatu ya matanga ya kaka yangu Marijan, mtoto wake wa kwanza alinifuata jikoni, kule nyumbani kwetu Abuku, akasimama mlangoni akishikilia mwimo. Sisi tunamwita Saidi mdogo, ingawa ana ndevu na watoto wawili. Alinisalimia, akauliza kama nimekula, nikamwambia nimekula, kisha akasema lile lililomleta. "Shangazi, wazee wanataka Landrova isogee, turubai ikae pale. Rota iko wapi?" Mimi nilikuwa nachagua mawe kwenye maharage. Rota ilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu. Nesi kule hospitali ya Arua alinipa nguo za Marijan ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa vizuri, na nilipozibana kwapani nikahisi kitu kigumu mahali pa mfuko wa shati. Sikuhitaji kufungua kifungo ili nijue ni nini. Sasa huyu kijana ananiuliza, na maneno yaliyonijia mdomoni hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama yangu: rota iko kwa mwenyewe. Niliyameza. Nikamwambia, "Ngoja nimalize haya maharage."

Watu walinisifu siku zile kwamba nina moyo mgumu, sikulia mbele yao. Nisichukue sifa ambayo si yangu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, ambao unaugusa na kujua ni wako lakini haukwambii chochote. Hali hiyo ninaijua, nilishakaa nayo mwaka mzima, mwaka tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire na kuifufua gari ile. Sikusoma mbali, niliishia darasa la sita, na tabia ya kuandika andika nimeipata ukubwani. Naandika haya nyumbani kwangu Onduparaka, jioni ya mpira, vijana wanapiga kelele uwanjani kama wanachinjwa. Nitajitahidi kuwa wa haki kwa kila mtu, maana karibu wote ninaowataja hapa hawawezi kunijibu. Hata rangi ya gari siku tulipoikuta sina hakika nayo. Mimi nakumbuka kijani. Marijan mpaka anakufa alisema ilikuwa kijivu, na hicho kijani ni ukungu.

Tulipofika nyumbani mwaka ule, mimi, mama na Marijan, nyumba zilikuwa zimeanguka na nyasi zilikuwa zimesimama juu ya vichwa vyetu. Marijan alitangulia na panga. Alikata, akakata, halafu panga likalia kwenye bati. "Mama," akaita, "Landrova iko!" Ilikuwa chini ya mkwaju, mahali pale pale tulipoiacha siku ya kukimbia vita. Baba aliinunua ilipotolewa jeshini, lakini baba alifariki kabla ya vita, na aliyeiendesha alikuwa kaka yetu mkubwa, Saidi. Mchwa walikuwa wamejenga kichuguu chini yake mpaka kimeshika ekseli. Milango haikuwepo, magurudumu hayakuwepo, viti vilikuwa chuma tupu, na kwenye mahali pa miguu ya dereva kuku wa porini alikuwa ametaga. Ubavu mmoja ulikuwa umekatwa wote, mkato safi, kama mtu anavyokata kitambaa. Mama aliizunguka mara moja, akaweka mkono kwenye boneti. Kisha akasema jambo ambalo mwaka mzima ulikuja kusimama juu yake. "Hakuna mutu amewasha," akasema. "Rota iko kwa mwenyewe."

Wasiojua magari niwaeleze kama nilivyoelezwa mimi. Rota ni kidude kidogo cheusi chenye ulimi wa shaba, kinakaa ndani ya distributa na kugawa moto kwa plagi. Kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Ukikitoa, gari haiwaki hata uisukume mpaka Juba. Madereva wa zamani huku kwetu walikuwa na desturi hiyo: akiegesha mahali asipopaamini, anafungua boneti, anatoa rota, anaitia mfukoni, anakwenda zake. Siku ya kukimbia petroli haikuwepo, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, na Saidi kabla ya kuondoka alifungua boneti akatoa rota, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupigapiga mfuko. "Wacha wachukue," akasema, "watasukuma mpaka watachoka." Tulicheka. Tulikuwa tunakimbia vita na tulicheka, hilo nalikumbuka vizuri. Tulipokaribia mpaka mama akagundua kwamba chumvi imebaki nyumbani. Chumvi wakati ule ilikuwa adimu, na mtu akiingia Zaire na chumvi aliweza kubadilisha kwa chochote. Mama akasema, "Saidi, wewe iko na miguu mirefu, rudi chukua." Akarudi. Sisi tulisubiri, kisha watu wakatusukuma mbele. Hatukumwona tena, wala hatukukutana na mtu aliyemwona, hai au maiti. Kwa haki ya mama, mtu yeyote angemtuma. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka chumvi.

Kwa hiyo gari ilipopatikana imelala pale pale, kila mmoja wetu alisoma habari yake. Marijan alisema, chesisi haijaoza, bodi ya Landrova haishiki kutu, hii nitaitengeneza nibebe watu na mihogo kati ya Koboko na Arua, tutakula. Mama alisema, gari haijawashwa, maana yake rota haijaporwa, maana yake Saidi bado anayo, na siku atakapokuja lazima aikute tayari. Mimi nilianza kung'oa nyasi. Tulikuwa tunatengeneza gari mbili ndani ya gari moja, na kwa muda mrefu kazi ilikuwa ile ile, hakuna aliyelazimika kuchagua.

Tulianza kwa kukusanya vipande. Marijan alikwenda nyumba kwa nyumba na mimi nilikwenda naye, kwa sababu alikuwa mwepesi wa hasira na mimi nilikuwa na sura ya kuonewa huruma. Watu waliokuwa wamebaki, au waliotangulia kurudi, walikuwa wameitumia gari yetu kama ghala. Sikuwalaumu, na silaumu hata leo. Kitu kimelala porini, mwenyewe hajulikani kama yu hai. Mlango wa abiria ulikuwa mlango wa choo cha mwalimu mmoja. Alitoka na kopo lake la maji akatukuta tunaukagua. "Mkichukua huo," akasema, "mimi nitakaa vipi humo ndani?" Marijan akamwambia, "Teremsha kioo, salimia watu." Mwalimu alicheka mpaka akaweka kopo chini, akatupa mlango, na sisi tukamwekea mkeka. Magurudumu mawili tuliyapata kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa mzee mmoja aliyesema ameyaokota Sudan, na Marijan alipomwonyesha alama ya kisu aliyoichonga utotoni, mzee akasema kwa utulivu kabisa, "Basi na wewe ulikuwa Sudan."

Ubavu uliokatwa tuliukuta kwa shangazi yetu Hajat Mastura. Alitukaribisha vizuri, akatupikia kunde kwa simsim na ugali wa muhogo, tukala mpaka tukalegea. Marijan ndipo akauliza, kwa adabu, kama amewahi kusikia aliyekata bati la Landrova ya baba yetu, marehemu kaka yake. Shangazi akamtazama. "Mwanangu," akasema, "wewe iko nakula ndani yake." Sufuria iliyokuwa mbele yetu, na ile nyingine jikoni, na kifuniko, vyote fundi wa sufuria alivigonga kutoka kwenye ubavu wa gari yetu. Marijan aligeuza sufuria chini juu, na kwenye kitako kulikuwa na rangi kidogo iliyokataa kutoka. Yeye alisema kijivu, mimi nikasema kijani, shangazi akasema ni masizi. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia kaka yangu akicheka tangu Zaire. Hakuzichukua sufuria. Ubavu ule aliuziba kwa bati la nyumba, na ukibisha mkono pale mpaka leo unalia tofauti.

Mambo ya injini yalitushinda, kwa hiyo Marijan alikwenda Arua na kurudi juu ya lori na mtu mmoja wa Ayivu, Fundi Ezati, pamoja na baiskeli yake na gunia la spana. Alikuwa Mkristo, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko spana zake. Alipofika alimwinamia mama akasema, "Mama Saidi, msiogope, nguruwe nimemwacha Arua." Mama akajibu, "Na pombe?" Fundi akasema, "Hiyo tulikuja pamoja, lakini itashukia Koboko." Alikaa kwetu kwa vipindi, anakwenda, anarudi. Nataka niseme hapa jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulipima. Saidi alikuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo mama yetu hakuwa na jina lingine. Mama Saidi, umeamkaje. Mama Saidi, jembe lako hili. Kila aliyepita njiani alimtaja kaka yetu, asubuhi na jioni, na mama aliitika kila mara. Mtu akiitika hivyo kila siku, utamwambiaje huyo unayemwitikia hayupo?

Injini ilikuwa imeshikana. Fundi Ezati alitoa plagi zote, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye matundu, akasema sasa ni kazi ya mafuta, siyo ya mtu. Kila asubuhi baada ya chai Marijan alitia handeli mbele ya gari na kujaribu kuizungusha, na kila asubuhi handeli ilikataa. Watu wa senta, pale penye maduka, walipita makusudi kumwangalia. "Marijan, hii Landrova itakwenda Hija mwaka gani?" Naye bila kuinua kichwa, "Mwaka ule wewe utaoga." Hata mimi nilizoea, kama mtu anavyozoea jirani anayekohoa. Halafu asubuhi moja handeli ilisogea, kidogo sana, kama upana wa kidole. Marijan hakupiga kelele. Aliketi chini, akaangalia mikono yake. Mama ndiye aliyepiga vigelegele, peke yake, uwanja mzima, na fundi akavua kofia.

Baada ya hapo mama alishikwa na kazi. Alikishona kitambaa cha viti kwa magunia ya unga, akakifua mara mbili ili maandishi yatoke. Aling'arisha taa kwa majivu. Siku fundi alipokuwa anakifunga kiti cha dereva, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Fundi, peleka nyuma hicho kiti. Saidi iko na miguu mirefu." Marijan alikuwa amechuchumaa palepale. Marijan alikuwa mfupi, alichukua kwa upande wa mama. Fundi alimtazama Marijan, Marijan akatazama spana. Kisha akasema, "Peleka nyuma." Fundi akatoboa matundu mapya akafunga kiti nyuma, na jioni ile nilimwona kaka yangu anajaribu klachi, mguu umenyooka wote na bado anateleza mbele. Alikwenda ndani akarudi na mto wake wa kulalia, akauweka mgongoni. Hatukuzungumza habari hiyo. Chakula cha mama miaka hiyo hakikuwa na chumvi, kila mtu alijitilia mwenyewe kwenye sahani, na habari hiyo nayo hatukuizungumza. Sisemi ilikuwa kwa sababu ya Saidi. Pengine alishazoea tu kule Zaire. Naandika nilichokula.

Ikafika siku ambayo kila kitu kilikuwa mahali pake. Petroli kidogo kwenye tanki, kabureta safi, plagi zimepigwa brashi, waya mpya. Fundi alifungua distributa, na pale katikati palikuwa na kijiti kitupu. Alikunywa chai yake yote kabla hajasema. "Mama Saidi, rota nyingine inapatikana Arua. Kitu kidogo tu."

"Gari mmetengeneza vizuri," mama akasema. "Mimi nashukuru. Lakini rota iko kwa mwenyewe."

"Mama," Marijan akasema, "tukitia nyingine, akija na yake tunatoa, tunaweka yake. Iko shida gani?"

"Akija atakuta mmeshamtoa."

"Hakuna mutu anamtoa, mama. Ni rota."

"Basi kama ni rota tu, ngoja."

Marijan alisimama, akanawa mikono ingawa ilikuwa safi. Niseme upande wake. Alikuwa na umri wa kuoa, na aliyetaka kumwoa wazazi wake waliuliza anafanya kazi gani. Kazi ilikuwa imesimama chini ya mkwaju, inang'aa, na haikuweza kwenda hata dukani. Na niseme upande wa mama. Kila mtu aliyerudi kutoka Zaire au Sudan alikuja na hadithi ya mtu aliyedhaniwa amekufa na akatokea, na hadithi hizo zilikuwa za kweli, mimi mwenyewe nilikula karamu za watu kama hao. Siku moja mwanaume mmoja alitokea nyumba ya tatu kutoka kwetu wakati mkewe yuko kwa mume mwingine. Kwa hiyo mama hakuwa mjinga. Alikuwa anasubiri jambo ambalo lilikuwa linatokea kwa wengine. Nilipokuwa namsikiliza Marijan niliona ana haki, na nilipokuwa namsikiliza mama niliona ana haki.

Mvua zikaanza. Landrova ilikaa na taa zake zilizong'arishwa, kuku wa nyumbani sasa wakalala chini yake. Fundi Ezati alirudi Ayivu kulima. Alipokuja tena, baadaye nilielewa, alikuwa na rota ndani ya kopo la ugoro, ameitoa kwenye gari mbovu iliyolala Arua, na alimkabidhi Marijan kimya kimya. Marijan alikaa na kopo hilo wiki nzima, labda mbili. Aliniambia hivyo mwenyewe miaka mingi baadaye, na aliniambia alichokusudia. Alitaka kusikia tu. Kuwasha mara moja, ajue kama kazi aliyoifanya ni ya kweli, kisha aitoe airudishe kwenye kopo. Alichagua siku ambayo mimi na mama tulisema tunakwenda soko la Koboko, tutashinda huko. Na kweli tulitoka hivyo. Lakini usiku mvua ilikuwa imelainisha udongo, na tulipofika njia panda mama akasema soko halikimbii, twende tung'oe mihogo wakati ardhi ni laini. Kwa hiyo tukawa shambani kwetu, ng'ambo ya kijito, na Marijan anadhani tuko Koboko. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ni udongo tu.

Tulikuwa tumeng'oa mashina kadhaa. Mama alikuwa ameshika shina kwa mikono miwili, anavuta, ndipo tuliposikia. Kwanza kukohoa. Kisha kimya. Kisha kukohoa tena, na halafu sauti ikashika, ikanyooka, sauti ile nzito ya Landrova ambayo ukiisikia mara moja nyumbani kwenu huwezi kuichanganya na lori wala trekta. Mama aliachia shina. Hakunitazama. Alisema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, "Saidi iko nyumbani," akaanza kukimbia. Mama yangu alikuwa mwanamke mnene, na goti lake moja lilikuwa bovu tangu Zaire. Alikimbia katikati ya mihogo, akavuka kijito bila kukunja nguo, anaita, "Saidi! Ee Saidi! Ngoja!" Na mimi nilikimbia. Hapa nisijifanye mwerevu. Nilikimbia nyuma yake na niliamini kabisa, kwa sababu gari ilikuwa inawaka, na gari haiwaki bila rota, na rota iko kwa mwenyewe. Tulikuwa tumelisema neno hilo mwaka mzima mpaka likawa kama hesabu. Nilikuwa tayari nafikiri atakuwa amekonda, tutamtengenezea uji.

Uwanjani moshi ulikuwa mwingi. Fundi Ezati alikuwa amesimama karibu na boneti iliyofunguliwa, anacheka na kupiga makofi, akatuona, makofi yakabaki hewani. Marijan alikuwa kwenye usukani na mto mgongoni. Nilisimama. Mama hakusimama. Alikwenda upande wa abiria, akafungua mlango ule uliokuwa wa choo, akatazama kitini. Akatazama nyuma. Akazunguka gari yote, akainama kabisa, akatazama chini yake, pale walipokuwa wanalala kuku. Hayo yote injini ikiwa inanguruma. Marijan alipeleka mkono kwenye swichi. "Wacha," mama akasema. Alipanda, akakaa kiti cha abiria, akaweka mikono yake yenye udongo mapajani, akatazama mbele kama watu wanaosafiri. Marijan naye akatazama mbele. Walikaa hivyo. Fundi alivua kofia akawa anaizungusha vidoleni. Petroli ilikuwa kidogo, na baada ya muda injini ikakohoa, ikazimika yenyewe. Ndipo nikasikia kwamba kijito kilikuwa kimejaa.

Mama alishuka. "Zaituni," akaniambia, "mihogo imebaki shambani." Nikarudi kuichukua. Niliijaza kwenye beseni, nikachukua na majembe mawili, nikavuka kijito taratibu ili nisianguke. Nakumbuka nilijitahidi kulia njiani, nikiona kwamba ni wakati wake, na haikuja. Nilipofika mama alikuwa anapika.

Sikuwahi kumsikia anamgombeza Marijan. Marijan alitoa ile rota akaiacha juu ya meza, ndani ya kopo lake, na ilikaa pale kama chombo cha nyumba, mtu anaisogeza aweke sahani. Kisha mama akamwita imamu wa msikiti wetu, mzee mpole aliyekuwa mkimbizi pamoja nasi. Walikaa barazani, mimi nilikuwa ndani napepeta unga, na ukuta wetu ulikuwa wa fito, hauzuii neno. Mama alisema anataka Saidi asaliwe sala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti asiyekuwepo.

Imamu alikohoa. "Mama Saidi, hiyo ni kwa mutu tunajua amekufa. Huyu hakuna aliyemwona. Kama iko hai?"

"Kama iko hai," mama akasema, "dua haitamuua."

Nilisikia kikombe kinarudi kwenye kisahani. Mwishoni imamu alisema hana uhakika kama hiyo ni sala ya ghaibu, lakini dua tutasoma, jina la vitabuni tutamwachia Mungu. Ilisomwa Ijumaa. Fundi Ezati alikuja kutoka Ayivu na kuku wawili, akakaa nyuma, kofia mapajani. Mama alipika mwenyewe, hakumwacha mtu aguse chungu, wali na nyama. Nilipotia tonge mdomoni nilinyoosha mkono kuchukua chumvi kama kawaida, kisha nikaurudisha. Chakula kilikuwa na chumvi.

Kesho yake alichukua kopo la ugoro mezani akampelekea Marijan. Alimpa maagizo, na sauti yake ilikuwa ya kila siku, kama anamtuma kisimani. "Tia. Fanya kazi. Lakini mahali popote utasimama, toa, weka mfukoni, funga kifungo. Usimpe mutu. Na usirudi nyuma kuchukua kitu." Marijan akasema, "Ndiyo, mama." Alibeba watu kati ya Koboko na Arua kwa miaka, mihogo, wagonjwa, maharusi, na alioa, na mtoto wa kwanza alimpa jina la kaka yetu. Watu wakaendelea kumwita mama Mama Saidi, na sasa kulikuwa na mtu wa kuitika naye, hata kama ni kwa kulia. Mama alifariki akiwa kitandani kwake. Gari ilizeeka, barabara zikajaa gari za Kijapani, lakini Marijan hakuiuza, na kila alipoisimamisha, hata chini ya mkwaju nyumbani kwake mwenyewe, alifungua boneti. Vijana walimcheka, "Mzee, nani ataiba hii?" Sikuwahi kumwuliza kama alikuwa anamtii mama au ni mkono tu umezoea. Nilidhani nina wakati.

Nilimaliza kuchagua maharage. Saidi mdogo alikuwa bado amesimama mlangoni, ana adabu, hakurudia swali. Nilitoa rota mfukoni nikampa. Aliigeuza kwenye kiganja, akasema, "Kumbe ni hii tu," akaenda. Baada ya kitambo alirudi na mto mkuukuu, umekaa umbo la mgongo wa baba yake, akauweka juu ya gunia karibu nami. "Shangazi, hii inanibana," akasema, "miguu haipati nafasi." Nikamwambia auache hapo.

Nilisikia handeli. Kukohoa, kimya, kukohoa tena, kisha sauti ikashika ikanyooka. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya maharage, na miguu yangu, sijui niseme vipi, miguu yangu ilianza kwenda. Nilikuwa nimekwisha simama, maji yanachuruzika kwenye gauni. Mtoto wa kike wa jirani aliyekuwa anachochea moto aliinua uso akanitazama.

"Bibi, nani amewasha?"

"Saidi," nikasema, nikakaa.